Tajiri na bepari: maneno mawili yaliyotoka dukani

Ukipanda daladala ya mwisho usiku, mtazame konda. Anakaa karibu na mlango, anapanga noti gotini, za elfu mbili kwa upande wake na za elfu kwa upande wake. "Hesabu ya tajiri imetimia," anamwambia dereva, na kinachobaki wanagawana. Tajiri huyo huenda ni mwalimu mstaafu aliyenunua Hiace moja kwa kiinua mgongo chake. Hana jumba la ghorofa wala walinzi getini. Hata hivyo konda hajakosea Kiswahili. Kwa kweli yeye yuko karibu zaidi na maana ya kale ya neno hilo kuliko sisi tunaoliandika magazetini.

Tajiri limetoka katika Kiarabu, tajir, yaani mfanyabiashara. Lilitaja kazi ya mtu kabla halijataja wingi wa mali yake. Unguja ya karne ya 19 tajiri ndiye aliyetoa bidhaa kwa mkopo: majora ya merikani (kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani), shanga, nyaya za shaba. Mwenye msafara alizichukua akaenda nazo bara, na tajiri akabaki pwani akisubiri, pengine miaka, mpaka pembe za ndovu zirudi. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisafiri kwa mali za mkopo, na miongoni mwa waliomkopesha ni Taria Topan, mfanyabiashara mwenye asili ya Kachi, India. Huko bara mwenye msafara aliamuru mamia ya watu, wakiwamo watumwa. Akirudi Unguja, anakaa mbele ya tajiri wake na daftari linafunguliwa. Uhusiano huo ndio unaoishi katika kauli ya konda: tajiri ni yule mwenye chombo, ambaye jioni unampelekea hesabu.

Bepari nalo lilivuka bahari. Wagujarati husema vepari, na kwa Kihindi ni vyapari. Maana yake ni ileile, mfanyabiashara. Lilifika pwani yetu kwa njia iliyotuletea laki tunayohesabia fedha. Kwa hiyo mwenye duka wa zamani angeulizwa kazi yake, angeweza kujiita bepari bila kuona haya.

Haya ilikuja na siasa. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, lililoiweka Tanzania kwenye njia ya ujamaa, na kesho yake benki zikataifishwa. Azimio lilimtaka kiongozi asijihusishe na mambo ya kibepari wala ya kikabaila: asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Toka hapo bepari akawa ndugu wa kupe, mtu mwenye mrija mdomoni. Miaka miwili baadaye, 1969, Mwalimu Nyerere akachapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, akaipa jina Mabepari wa Venisi. Kichwa cha Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu ameweka wingi. Mimi naliona jina hilo kuwa la ustadi mkubwa, maana neno moja linabeba maana zote mbili: ile ya dukani na ile ya jukwaa la siasa.

Sarufi nayo imeshika kumbukumbu hiyo. Kiambishi u- kimetupa utajiri na ubepari, lakini utajiri ni hali ambayo mtu anaweza kuwa nayo, na ubepari ni mfumo ambao nchi nzima inaishi ndani yake. Tajiri limezaa kitenzi kutajirika, na watu wanakiombea duani. Kubeparika hakuna anayesema.

Kwa wakubwa wa biashara wenye sauti hata serikalini, magazeti ya Kiswahili ya Kenya hupenda zaidi bwanyenye. Tanzania, tangu Azimio la Zanzibar la 1991 lilegeze masharti yale ya uongozi na milango ya soko ikazidi kufunguka, tumezoea mwekezaji. Hapo nawasihi waandishi wa habari wawe waangalifu. Mwekezaji linasema mtu ameweka kitu. Halisemi ana nguvu gani juu ya wengine. Tajiri la msafarani na la daladala linasema wazi kuna anayedai na anayedaiwa. Ukiandika habari ya mtu mmoja anayemiliki mashamba, viwanda na malori yanayobeba mazao, kisha ukamwita mwekezaji tu, msomaji hatajua ni nani anayempelekea hesabu jioni.

Na ukimwita bepari, hakikisha una maana ya mwenye mtaji anayeajiri nguvu kazi ya wengine kwa faida yake. Mama anayeuza vitenge sokoni Kariakoo, hata akijenga nyumba tatu kwa jasho lake mwenyewe, anaitwa mfanyabiashara. Babu wa duka la Kigujarati angemwita vepari, na mama angeitika.