Silikoni ya tangi la samaki: soma mgongo wa tyubu, usinuse tu

Zamani malalamiko ya silikoni, ile gundi ya tyubu ya kuzibia na kuunganishia vioo, yaliyofika mezani kwetu wakaguzi wa bidhaa hapa Dodoma yalihusu madirisha yanayovuja na masinki yaliyobanduka. Siku hizi wanakuja watu na ndoo. Ndani ya ndoo kuna samaki wa mapambo waliokufa, na mkononi kuna simu yenye picha ya tangi jipya la kioo lililotengenezwa na fundi alumini wa mtaani. Karibu kila mmoja anaanza na sentensi ileile: maji ya Dodoma yana chumvi, ndiyo yameua samaki wangu.

Kwamba maji yetu ya visima yana chumvichumvi si siri, kila mwenye birika la chai mjini anaona utando wake. Lakini samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao ndio wengi wanawanunua, wamezoea maji yenye madini mengi. Kwa hiyo kabla ya kuyalaumu maji, naomba uniletee tyubu ya silikoni iliyotumika. Hapo ndipo mazungumzo yetu hubadilika.

Silikoni nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi zimetengenezwa kwa ajili ya bafu, choo na jiko. Sehemu hizo hushika ukungu mweusi, hivyo mtengenezaji huchanganya humo dawa ya kuua ukungu. Zamani baadhi zilikuwa na mchanganyiko wa aseniki. Siku hizi utakuta kemikali kama zinki pirithioni. Dawa hiyo imekusudiwa kutoka kidogokidogo, kwa miaka, kila silikoni inapoguswa na maji. Bafuni hilo ni jambo jema. Ndani ya lita 60 za maji ambamo samaki anapumua usiku na mchana, ni sumu isiyokoma, na kuosha tangi mara tatu au mara kumi hakuiondoi.

Sasa nifafanue jambo linalonichosha kulirudia. Wananchi wengi, na mafundi wengi zaidi, wanaamini silikoni inayonuka siki ndiyo yenye sumu na isiyonuka ndiyo salama. Sivyo. Harufu ile ni asidi asetiki, asidi ileile ya siki, inayotoka wakati silikoni inakomaa. Ikishakomaa kabisa harufu inaisha, na kinachobaki ni mpira usioyeyuka majini. Silikoni tupu ya aina hiyo, isiyo na dawa ya ukungu, ndiyo imeunganisha matangi ya samaki duniani kwa miongo mingi. Isiyonuka siki hukomaa kwa kutoa kemikali nyingine, ikiwemo jamii ya oksimu, na humo zipo zinazofaa na zisizofaa. Mama mmoja wa Ilazo aliirudisha dukani tyubu sahihi kwa sababu ya harufu, akabadilishiwa ya bafuni. Sikuweza kumlaumu, maana hakuna aliyekuwa amemweleza.

Pua basi haitoshi. Geuza tyubu usome mgongoni. Ukikuta maneno ya Kiingereza "mould", "mildew", "fungus" au "sanitary", iache, hata kama muuzaji anaapa. Kwenye tyubu zinazofuata kiwango cha Ulaya, namba EN 15651-3 pamoja na herufi S au XS maana yake ni silikoni ya maliwato. EN 15651-2 na herufi G ni ya vioo vya majengo, na hiyo peke yake haikuambii chochote kuhusu samaki. Unachotafuta ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba inafaa kwa "aquarium", na kwamba ni silikoni asilimia 100. Zile za akriliki zilizotiwa silikoni kidogo si silikoni. Gundi ya vioo vya magari nayo si silikoni. Rangi haina uzito hapa: nyeusi si mbaya kwa weusi wake, wala ya kung'aa si salama kwa kung'aa kwake.

Tyubu ikisema haifai kwa matangi ya samaki, iamini. Mara nyingine sababu si sumu, ni nguvu. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 likijaa lina lita 182, yaani kilo 182 za maji, na kioo cha mbele peke yake kinasukumwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 91. Msukumo huo haupumziki hata usiku, na kinachouzuia ni ule mstari mwembamba wa silikoni.

Nije kwenye jambo la Dodoma hasa. Watu huanika tangi juani "likauke". Silikoni haikauki kama matope. Inakomaa kwa kunywa mvuke wa maji uliomo hewani, kuanzia nje kwenda ndani, kwa kawaida milimita 2 hadi 3 kwa saa 24 ikiwa joto ni nyuzi 23 na unyevu wa hewa ni asilimia 50. Kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Novemba, hewa ni kavu, kwa hiyo kazi hiyo huchelewa. Jua linaharakisha ngozi ya juu tu huku ndani pakiwa pabichi. Weka tangi chumbani, kivulini, na beseni la maji karibu yake. Siku 7 ni za chini kabisa. Kiangazi mimi hushauri 10 hadi 14, na hata hapo, ukiinamisha kichwa ndani ya tangi ukasikia siki, ongeza siku. Kisha jaza maji bila samaki, liache siku nzima, mwaga, suuza. Kwa tangi la zamani linalovuja, kupaka silikoni mpya juu ya kuukuu ni kupoteza fedha, kwani hazishikani. Kwangua yote kwa wembe, futa kwa spiriti, ndipo upake.

Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Silikoni iliyopitwa na muda, au iliyokaa miezi kwenye kontena la bati juani, inaweza isikomae kabisa.

Kuhusu malalamiko, tafadhali tofautisheni mambo matatu. Kama tyubu ni halisi na imeandikwa wazi kuwa ni ya bafuni, lakini fundi ameitumia kwenye tangi, muuzaji hana kosa, hayo ni makubaliano yako na fundi, na sisi hatuwezi kumkamata mtu kwa hilo. Kama tyubu imeigiza nembo ya kampuni nyingine, hiyo ni bidhaa bandia, inashughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kama bidhaa si ya kuigiza ila haina ubora unaotakiwa, inaangukia Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Mkaguzi atakwenda dukani, atachukua sampuli na kuifunga kwa lakiri, mwenye duka atasaini, na shehena iliyobaki itazuiwa isiuzwe hadi majibu ya maabara yatoke. Ikishindwa vipimo, huondolewa sokoni na kuteketezwa kwa gharama za mwenye mali, na shauri likifika mahakamani, mahakama ndiyo hupanga adhabu. Kumzuia mkaguzi ni kosa linalojitegemea, hata kama bidhaa baadaye ingeonekana safi. Wafanyabiashara wanalisahau hili, kisha wanashangaa.

Hatua zote hizo zinasimama juu ya risiti ya mashine ya kielektroniki. Na kutodai risiti nako ni kosa la mnunuzi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, kwa hiyo usituambie tu kwamba muuzaji "hakunipa".

Samaki aliyekufa huna haja ya kutuletea. Lete risiti, na tyubu yenyewe hata kama ni tupu, namba ya toleo ikiwa bado inasomeka. Kwa kawaida huchapwa kwenye mkunjo wa chini au karibu na mdomo, pale ambapo fundi hukata kwa kisu, basi mwombe akate mbali na namba hiyo, asiiharibu.