Je, wajua kwa nini chama kilichozoa viti 12 kati ya 17 Tonga kiliishia upinzani?

Tarehe 25 Novemba 2010, wananchi wa Tonga, ufalme wa watu kama laki moja katikati ya Bahari ya Pasifiki, walipiga kura iliyowapa kwa mara ya kwanza wingi wa viti bungeni. Chama cha Kidemokrasia cha Visiwa vya Urafiki, kilichoanzishwa Septemba ya mwaka huohuo, kilizoa majimbo 12 kati ya 17. Hakuna chama kingine kilichoambulia hata jimbo moja. Kwingine, kiongozi wa chama cha namna hiyo angekuwa ameshaanza kupanga baraza la mawaziri.

Haikuwa hivyo. Tarehe 21 Desemba wabunge walikutana kumchagua waziri mkuu kwa kura ya siri. Lord Tuʻivakanō, kabaila wa kuzaliwa, akapata kura 14. ʻAkilisi Pōhiva, kiongozi wa chama kilichoshinda, akapata 12, idadi ileile ya wabunge wake. Hakuongeza hata kura moja.

Sanduku la kura halikuchezewa. Jibu liko kwenye muundo wa bunge lenyewe.

Bunge la Tonga lina viti 26 vya kuchaguliwa. Viti 17 ni vya majimbo, na huko kila raia aliyefikisha miaka 21 na kujiandikisha anapiga kura. Kisiwa kikuu cha Tongatapu, uliko mji mkuu wa Nukuʻalofa, kina majimbo 10, Vavaʻu ina 3, Haʻapai 2, ʻEua 1, na visiwa vya Niua kule mbali kaskazini 1. Vile 9 vilivyobaki ni vya makabaila. Ufalme una vyeo 33 vya ukabaila vya kurithi, na wenye vyeo hivyo hukaa wao kwa wao wakachagua 9 miongoni mwao. Msomaji wa Tanzania asivichanganye na viti maalumu: vile hugawanywa kwa vyama kulingana na kura za wananchi, hivi havipiti mikononi mwa mwananchi kabisa.

Sasa piga hesabu. Ili upate wingi katika wabunge 26 unahitaji 14. Chama cha makabwela kisichotaka kumtegemea mtu kinapaswa kushinda majimbo 14 kati ya 17, zaidi ya asilimia 80. Kabaila mwenye wenzake wote 9 nyuma yake anahitaji wabunge 5 tu wa majimbo. Mwaka 2010 waliochaguliwa bila chama walikuwa wangapi? Watano kamili. Tisa na watano, kumi na nne.

Hapa ndipo wengi humalizia maelezo na kuwalaumu makabaila. Mimi naona uzito uko kwa wale watano, maana hao walitumwa bungeni na wananchi wa kawaida, na makabaila peke yao wasingeweza kumwapisha mtu. Kwa nini hawakuvutwa na ushindi mkubwa wa wenzao?

Sababu mojawapo ni kwamba ushindi wenyewe ulikuwa mkubwa kwa viti kuliko kwa kura. Tonga hutumia utaratibu tunaoujua huku kwetu: anayeongoza jimboni ndiye mbunge, hata kama amepata robo tu ya kura. Zaidi ya wagombea mia moja waligombea viti 17, wengi wao wagombea binafsi, jambo ambalo sheria ya Tanzania hairuhusu lakini Tonga ndiyo mazoea. Kura zikatawanyika. Chama cha Pōhiva kilipata chini ya theluthi moja ya kura zote, na wagombea binafsi kwa ujumla wao wakapata zaidi ya nusu. Mbunge asiye na chama aliweza kusema, bila kudanganya, kwamba wapiga kura wengi hawakukichagua chama chochote.

Sababu nyingine iko kwenye ardhi. Tonga ardhi haiuzwi. Yote ni ya Mfalme kisheria, na sehemu kubwa imegawanywa katika maeneo ya urithi ya makabaila. Sheria inampa kila mwanamume Mtonga, akifikisha miaka 16, haki ya kupewa shamba la ekari nane na robo pamoja na kiwanja cha kujenga. Haki hiyo imeandikwa, ila ardhi haitoshi, na kwa desturi kijana anayetaka shamba katika eneo la kabaila humwendea kabaila kwanza. Haendi mikono mitupu. Ongeza kanisa, ongeza misiba na sherehe ambako kila mtu anajua akae wapi na nani ahudumiwe kwanza, utaona kwamba heshima kwa kabaila ilikuwapo kijijini muda mrefu kabla ya kuandikwa katika sheria ya uchaguzi.

Hali ya zamani ilikuwa ngumu zaidi, na hilo tusilisahau. Chini ya Katiba ya mwaka 1875, iliyotolewa na Mfalme George Tupou I, Mfalme aliteua mawaziri apendavyo nao wakaingia bungeni moja kwa moja. Hadi uchaguzi wa 2008, maelfu ya wananchi walichagua wabunge 9, na familia 33 zikachagua 9 vilevile. Pōhiva, mwalimu aliyefukuzwa serikalini mwaka 1985 baada ya kukosoa watawala redioni, aliingia bungeni mwaka 1987 na kukaa miaka zaidi ya ishirini akipinga huku akijua kura zake hazitoshi. Mwaka 1996 alifungwa kwa kosa la kulidharau Bunge.

Mwaka 2005 watumishi wa umma waligoma kwa wiki sita. Tarehe 16 Novemba 2006, Bunge lilipokuwa linaelekea kufunga mwaka bila kuamua kuhusu mageuzi, ghasia zililipuka Nukuʻalofa, sehemu kubwa ya maduka ya katikati ya mji ikateketea, na watu 8 wakafa. Mfalme mpya, George Tupou V, alitangaza siku chache kabla ya kutawazwa Agosti 2008 kwamba ataachia sehemu kubwa ya madaraka yake. Bunge la viti 17 na 9 ndiyo makubaliano yaliyotokana na hayo: makabwela waliongezewa viti 8, makabaila hawakupunguziwa hata kimoja.

Lord Tuʻivakanō alimpa Pōhiva wizara ya afya. Hakudumu, Januari 2011 alijiuzulu na kurudi upinzani.

Cha ajabu ni kilichofuata. Uchaguzi wa Novemba 2014 chama cha Pōhiva kilishuka hadi viti 9, na safari hii ndipo alipopata uwaziri mkuu, kwa kura 15 dhidi ya 11. Safari hii wabunge wasio na chama walimfuata yeye. Akawa mtu wa kwanza asiye kabaila kuchaguliwa na Bunge kushika cheo hicho. Feleti Sevele, kabwela aliyemtangulia kati ya 2006 na 2010, aliteuliwa na Mfalme.

Agosti 2017 Mfalme Tupou VI, ambaye naye alipata kuwa waziri mkuu enzi za baba yake, akalivunja Bunge kwa ushauri wa Spika. Spika huyo alikuwa Lord Tuʻivakanō yuleyule, maana kiti cha spika nacho kimewekewa makabaila. Uchaguzi ukarudiwa Novemba, na wapiga kura wakajibu kwa kukipa chama cha Pōhiva viti 14. Akachaguliwa tena, kura 14 kwa 12.

Pōhiva alifariki tarehe 12 Septemba 2019 akiwa bado madarakani. Kabla mwezi haujaisha, waziri wake wa fedha, Pohiva Tuʻiʻonetoa, alikihama chama pamoja na wenzake wachache, akaungwa mkono na makabaila, na akawa waziri mkuu.