"Fundi, hii ni fowili, haikwami"

Juzi nimeletewa Land Cruiser gereji, tope mpaka kwenye vioo, imeburuzwa kwa mnyororo nyuma ya trekta. Mwenyewe ameshika kiuno: "Fundi, mimi nashangaa, hii si fowili?" Nimechoka kulijibu swali hili. Watu wanavuka daraja la Kigongo–Busisi, Mwanza, kwenda kulala porini upande wa shamba la miti la Buhindi, njia za magari ya magogo katikati ya misonobari, njia ambazo kiangazi hata mwenye leseni ya jana anapita, kisha wanakwama kwa imani tu.

Fowili haiongezi mshiko wa tairi. Inagawa nguvu ya injini kwa magurudumu manne badala ya mawili, basi. Udongo ukiteleza, yatateleza yote manne. Tena difu ya kawaida (lile bonge la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kushoto na kulia) hupenda gurudumu jepesi: moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mshiko, hayo mawili ndiyo yatakayozunguka na gari halisogei. Ndiyo kazi ya loku ya difu, kufunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, na gari lako kama halina, punguza ubishi. Kwenye kusimama ndiyo kabisa: gari lolote lina breki magurudumu yote manne, fowili haikuongezei kitu.

Na yule bosi wangu wa juzi wala hakuwa na fowili siku hiyo. Wenzo wa fowili ndani ulikuwa 4H (fowili ya mwendo wa kawaida), lakini habu za mbele, vile vifundo katikati ya magurudumu vinavyoyaunga na ekseli, zilikuwa bado FREE. Gari la aina yake lazima ushuke uzizungushe kwa mkono mpaka LOCK. Akakanyaga mafuta nusu saa nzima, magurudumu ya nyuma yakachimba mpaka difu ikakalia udongo. Ukiona tairi linazunguka palepale, toa mguu! Kila sekunde unajichimbia.

Wasukuma walishazitofautisha ardhi hizi zamani. Luseni ni kichanga cha miinukoni. Mvua ikinyesha maji yanazama, unapita. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni: ukikauka mgumu kama saruji, ukilowa ni gundi, unajaza meno ya tairi mpaka linakuwa laini kama ndizi. Kwenye mbuga iliyolowa dawa ni kusubiri, hata kama ni mpaka kesho. Ushauri wangu wateja huucheka, nami siuachi: shuka, kata fimbo, tembea kipande chote kibaya kwa miguu. (Tope la njiani nasema, si maji yanayoingia ziwani; huko kuna kichocho na mamba.) Fimbo ikizama mpaka usawa wa katikati ya gurudumu, geuza. Ukiamua kupita, ingiza fowili kabla ya tope, maana wengi huikumbuka wakiwa tayari katikati.

"Jaza upepo, tairi lisipate pancha." Kwenye kichanga kilegevu ni kinyume: ukishusha upepo kutoka PSI 35 hadi 20 hivi, tairi linalala na kushika eneo kubwa. Ila beba pampu. Ukirudi lami na upepo huo kwa spidi, linachemka na kupasuka.

"Msitu ni wa serikali, napiga hema popote." Shamba la miti la serikali lina wakala wake, TFS, na kibali unakifuata ofisini kabla ya safari. Nje ya mpaka ni ardhi ya kijiji; kaone mtendaji. Kuni usiwashe juu ya majani makavu ya misonobari, beba jiko la gesi.

"Pazuri pa kulala ni ukingoni mwa maji." Kiboko hutoka usiku kula majani, tena kwa njia yake ileile. Ukiona njia pana iliyolala kuelekea ziwani, usidhani ni ya ng'ombe. Panda juu, mbali nayo.

Na wanaoenda hifadhi ya Burigi-Chato, acheni nguo za bluu na nyeusi. Hizo ndizo rangi zinazoshonewa mitego ya mbung'o, kwa sababu zinawavuta.

Yule bosi kabla ya kuondoka kaniuliza bei ya winchi, mashine ya gari kujivuta kwa waya. Nikamchukua mpaka gurudumu la mbele, nikamwonyesha habu.