Maana ya "kupokea teknolojia" kwa mwanamke mkulima

Mkulima amepokea teknolojia bora pale anapoiacha njia aliyoizoea na kuishika mpya msimu baada ya msimu. Kupanda mara moja kwa sababu mradi umegawa mbegu za bure hakuhesabiki. Mwaka 1962 mwanasosholojia wa Marekani, Everett Rogers, alizitaja hatua za kupokea jambo jipya: mtu husikia, huvutiwa, hupima, hujaribu, ndipo huamua.

Sisi wa Dar tukiona mbegu zimejaa maduka ya pembejeo Kariakoo, halafu mama wa Mkuranga bado anapanda zilezile za bibi yake, tunakimbilia kusema hajaelimika. Sikubaliani na hilo. Mara nyingi ameshapiga hesabu zake.

Tuchukue muhogo, huu tunaoufuturia. Mbegu yake ni pingili, na jirani akivuna humkatia mwenzake mabua bila kudai senti. Kwa hiyo mbegu mpya ya muhogo huweza kusambaa hata kwa asiye na fedha (bahati mbaya, magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia husafiri kwa pingili hizohizo). Mahindi chotara ni kinyume chake: mbegu hununuliwa kila msimu, na fedha ya mavuno mara nyingi hushikwa na mume. Hapo ndipo VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, humwokoa mama. Kisha kuna jiko. Muhogo uzae sana lakini ukichemshwa usiive vizuri, au uwe mchungu, hautarudi shambani, mtafiti aseme atakavyo.

Ardhi nayo ina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, ila katika familia nyingi mila ndiyo inayogawa mashamba. Nani atamwaga samadi au kuchimba makinga maji kwenye kipande anachoweza kunyang'anywa mwakani?

Na kazi je? Mbolea hustawisha mahindi na magugu pia, na palizi kwa kawaida ni ya mama. Kinachoitwa faida kwenye semina, kwake ni siku nyingine za kuinama na jembe. Semina yenyewe ikiitishwa saa nne asubuhi, yeye yuko shambani au kisimani. Anayehudhuria ni mume, na mama hupata kile tu mume alichokumbuka kumsimulia.