Steji 2 si kipimo cha nguvu

Jumamosi moja jijini Nairobi, mahali pa kuoshea magari, nilimsikia kijana akimhakikishia mwenzake kwamba gari lake ndilo lenye nguvu zaidi, kwa kuwa lake ni Steji 2 na la mwenzake ni Steji 1. Yote mawili yalikuwa Golf za turbo za kizazi cha saba, lake GTI na la mwenzake R. Boneti ya GTI ilipofunguliwa, boksi la chujio la hewa lilikuwa lile lile la kiwandani, na bomba la moshi linaloshuka kutoka kwenye turbo lilikuwa bado na katalisti yake ya kwanza, halijaguswa spana.

Steji hizi ni za kurimapu, yaani kuandika upya majedwali yaliyo ndani ya kompyuta ya injini, yale yanayoamua turbo isukume hewa kwa presha gani, petroli inyunyizwe kiasi gani na plagi ziwashe wakati gani. Kwa desturi ya mafundi wa kazi hiyo, Steji 1 ni programu ya gari ambalo vifaa vyake vyote ni vya kiwandani, Steji 2 ni ya gari lililobadilishiwa njia za hewa na moshi, aghalabu daunpaipu (lile bomba la moshi linaloshuka kutoka kwenye turbo) na pengine intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), na Steji 3 ni ya gari lililofungwa turbo kubwa zaidi.

Kinachopotosha ni neno lenyewe. Kwetu steji ni kituo cha matatu, na vituo hufuatana kwenye barabara moja, kwa hiyo aliyefika cha pili ni lazima awe amempita aliye cha kwanza. Lakini katika magari neno hili ni la zamani kuliko kompyuta za injini, na halikuwahi kuwa na maana moja. Buick ya Marekani iliuza GS 455 Stage 1 mwaka 1970, gari lisilo na turbo wala programu yoyote, na steji hiyo ilikuwa ni vali kubwa zaidi na kemshafti kali zaidi. Land Rover ya V8 iliyotoka 1979, nayo ikajulikana kama Stage One, ililipata jina hilo kutokana na awamu ya kwanza ya fedha ambazo serikali ya Uingereza iliwekeza katika kampuni. Huko steji ilikuwa ya bajeti, si ya injini. Hata leo hakuna chombo cha viwango kinachosema Steji 2 inaanzia wapi: kampuni moja hudai daunpaipu, nyingine huridhika na bomba jipya la kuingizia hewa. Kilowati ina maana ile ile Mombasa na Munich, lakini steji ni ya kila muuzaji na katalogi yake.

Golf zile mbili zenyewe ni ushahidi wa kutosha. Zina injini za lita 2 za ukoo mmoja, EA888, ila GTI ya kawaida ilitoka kiwandani na turbo ya IS20 ikiwa na kilowati 162, na R ya Ulaya ilitoka na turbo kubwa zaidi, IS38, ikiwa na 221. Mwenye GTI akifunga IS38, wengi wataliita gari lake Steji 3. Mwenye R amenunua gari likiwa na turbo hiyo hiyo, na halina steji yoyote. Kwa sababu hiyo R ya Steji 1 kwa kawaida huishinda GTI ya Steji 2, na kijana yule angekuwa amekosea hata kama bomba lake lingekuwa limebadilishwa kweli.

Wala steji haikuambii lolote kuhusu mafuta. Faili la programu la Marekani lenye alama ya 93 limeandikwa kwa petroli ambayo kwa hesabu ya RON, kipimo cha oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia, inakaribia 98, kwani pampu za kule huandika wastani wa RON na kipimo kingine kilicho chini yake. Ukilitumia kwa petroli ya RON 93, injini itaanza kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe ndani yake, kompyuta itarudisha nyuma taimingi ya plagi ili kujiokoa, na nguvu ulizolipia zitapotea humo humo. Nairobi nayo iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia presha ile ile inayoipata kwa urahisi Mombasa.

Kijana sikumwambia kwamba ametapeliwa, kwa sababu huenda faili alilowekewa ni zuri kabisa. Nilimwambia tu kwamba limeandikwa kwa gari ambalo yeye bado hana. Amwombe fundi wake amrudishie lile la Steji 1, na siku atakapofunga daunpaipu, hili la sasa litakuwa linamsubiri.