Je, wajua kwa nini Kengeleni inaitwa Kengeleni?

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, haupiti muda makanga atauliza: "Kengeleni kuna wa kushuka?" Wengi tunashuka pale kila siku, mmoja anaelekea Nyali, mwingine sokoni Kongowea, na ni wachache wanaoinua macho kuitazama kengele yenyewe. Ipo. Imetundikwa kwenye mnara wake palepale njia panda, barabara ya Nyali inapoachana na ile ya Malindi.

Kengele ya nini, barabarani?

Mtaa huu ni Freretown. Jina limetokana na Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa saini Juni mwaka huo. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyosheheni watu, na waliookolewa hawakuwa na pa kwenda. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa shirika la Church Missionary Society (CMS) walipopata ardhi hapa ng'ambo ya kisiwa, wakaanzisha makazi ya hao waliookolewa.

Waliowapokea ni Waafrika wenzao. Hao waliokolewa zamani, wengi wakiwa watoto, wakapelekwa India kusoma na kujifunza ufundi kule Nasik, kisha wakarudi pwani. Watu waliwaita Wabombay, na kwangu mimi wao ndio waliousimamisha mtaa huu.

Ila mkataba ule ulifunga bahari, haukugusa mashamba. Katika pwani ya Kenya utumwa ulibaki halali hadi 1907. Watoro walikimbilia misheni, na mabwana zao wakaja juu, wakatishia kuvamia kwa silaha. Hebu fikiria: umeshavuliwa minyororo, una kibanda chako na mke na watoto, na bado unalala sikio likiwa wazi. Kazi ya kengele ilikuwa hiyo. Ikipigwa kwa hatari, watu walijua kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja, wakakimbia kujificha au kujihami. Siku za salama, kengele hiyohiyo iliwaita ibadani.

Kanisa la Emmanuel lipo hadi leo, mwendo mfupi kutoka kwenye mnara. Na humo Freretown bado wanaishi vitukuu wa watu waliokuwa wakiitegea sikio kengele ile usiku.