Kabla ya kupanda mche, tazama kisiki

Mwezi wa nane, jua likiwa la utosi, husikika nje ya madirisha ya darasa letu mlio kama wa mtu anayevunja kuni: ta! Kisha kitu kinagonga bati na kuviringika. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hugeuka wote kutazama. Ni ganda la mutondo, mti wa asili wa huku, limepasuka. Kiangazi kimelikausha mpaka pande zake mbili zikavutana, kila moja ikijisokota kwake, na ziliposhindwa kushikana zimezirusha mbegu mbali na mti mama. Siku kama hiyo huweka chaki chini na kuwatoa darasa zima nje. Sijawahi kuchora ubaoni kitu kinachoushinda mlio ule.

Nafundisha elimu ya misitu hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na mti wangu ni miombo, yaani ule msitu wa wazi unaoanzia Angola, ukapita kwetu Katanga na Zambia, hadi Tanzania na Msumbiji. Kampasi yetu ilijengwa ndani yake. Wengi hawalijui hilo kwa sababu wanachokiona ni jakaranda za barabarani. Sina ugomvi na jakaranda. Imetoka Amerika Kusini, kweli, lakini mwezi wa kumi inapotandika zambarau yake juu ya vumbi letu jekundu, hata mimi husimamisha gari. Ninachosema ni kwamba mgeni amepewa sebule nzima, na mwenye nyumba amebaki nyuma ya vyoo.

Nchi yetu ina Siku ya Kitaifa ya Mti, 5 Desemba. Kwetu kusini tarehe hiyo imekaa vizuri, mvua imekwisha kushika na udongo umelowa. Basi siku hiyo kuna hotuba, kofia mpya, picha ya mkubwa akishika sururu, na miche ya akasia na mikaratusi iliyopangwa kama gwaride. Mwaka mmoja nilirudi mwezi wa saba kwenye safu tuliyoipanda mimi mwenyewe nikiwemo. Nilikuta vijiti. Mbuzi walikula baadhi, moto ukala vilivyobaki, na hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kumwagilia. Tangu hapo mtu akiniuliza, “Prof, mwaka huu tupande mti gani?” namjibu: njoo kwanza nikuonyeshe kisiki.

Kiko nyuma ya mabweni. Mutondo uliokatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa wa kupikia, kwa panga, kimo cha goti. Nilipokihesabu mara ya mwisho kilikuwa na machipukizi 11. Anayepita huona kichaka cha kufyeka. Mimi naona mti ambao bado una mizizi yake yote chini, mizizi iliyokwisha kuyajua maji yalipo na kuweka akiba ya chakula, na sasa unatafuta tu ruhusa ya kupanda juu tena. Kazi yenyewe ni ndogo. Unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unakata mengine, unasafisha majani makavu kuzunguka ili moto usipate njia, unaondoka. Chipukizi la namna hiyo huuacha nyuma mche wowote wa miombo uliopandwa siku hiyohiyo, maana mche ndio kwanza unaanza kujenga chini.

Hapo ndipo wapanda miti wengi hukata tamaa. Mche wa miombo katika miaka yake ya kwanza hukua kuelekea chini. Juu unaona majani machache, kiangazi yanakauka, unadhani umekufa. Mvua ikija unachipuka tena, mfupi vilevile, mzizi ukiwa umezidi kushuka. Unaweza kufanya hivyo miaka mingi. Tena miti mingi ya jamii hii haiishi peke yake: mizizi yake imevikwa nyuzi nyembamba za uyoga, mti unaupa uyoga sukari, uyoga unauletea mti maji na madini kutoka udongo wetu uliochoka. Ndiyo sababu ukiotesha miche yake kitaluni inafaa kuchanganya udongo uliouchota chini ya mti mkubwa wa aina hiyohiyo. Akina mama wanaouza bowa, yaani uyoga, barabarani wakati wa mvua wanalijua jambo hili bila darabini. Mmoja aliniambia, “Papa, pale walipokata miti, bowa wa rangi ya machungwa hawatoki tena. Tutembee mbali.” Nimewasomea wanafunzi kurasa nyingi zisizofikia maneno hayo.

Moto nao una habari yake. Ng'ambo tu ya mpaka, Ndola nchini Zambia, tangu 1933 watafiti waligawanya vipande vya miombo: kimoja kikachomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu; kingine kikachomwa mwisho wa kiangazi; cha tatu kikalindwa kabisa. Miaka ilivyopita, kile cha moto wa mwisho wa kiangazi miti yake iliisha, nyasi zikatawala. Kile kilicholindwa kilisongamana miti, kikaanza kuingiza miti isiyopukutisha majani. Sisi huku tunachoma lini? Mwezi wa nane na wa tisa, “kusafisha kampasi”, yaani wakati mbaya kuliko wote. Na ni wakati uleule miombo inatoa majani yake mapya, mekundu kama shaba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, kwa akiba ya mizizini. Tunaiunguza ikiwa imetumia akiba yake.

Nitaje na kichuguu, ingawa si mti. Kila mgeni hukipiga picha, na kila fundi hukitazama kama matofali yaliyosubiri kuchomwa. Vichuguu vikubwa vya Lubumbashi hufika mita 8 kwenda juu, na kimoja kilichopimwa umri, ambacho mchwa walikwisha kukihama, kilikutwa na miaka zaidi ya 2000. Soma tena namba hiyo. Mji wenyewe ulianza 1910. Juu ya kichuguu huota miti ambayo huipati kwenye miombo pembeni, kwa kuwa udongo wake una madini tofauti, hivyo kila kimoja ni kama kisiwa. Kampasi yenye vichuguu vitatu ina bustani tatu za mimea ambazo hakuna aliyezilipia.

Kuhusu makala, sitaki kumlaumu aliyekata mutondo ule. Umeme ukikatika, bukari yangu mimi, yaani ugali, hupikwa kwa makala pia. Lakini mukula ni hadithi nyingine: wale waliokuja na malori kuchukua mti mwekundu hawakuwa na njaa ya bukari. Tangu 2019 biashara ya mukula kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kwetu kampasini umebaki mmoja. Sisemi uko wapi.

Mwaka huu niliomba 5 Desemba ifanyike nyuma ya mabweni, bila turubai. Walikuja wanafunzi wachache na sentineli wetu wa usiku, aliyeona tunavyochagua machipukizi akauliza kama anaweza kufanya hivyo na kisiki kilicho karibu na kibanda chake. Juma lililofuata nilipita pale. Alikuwa ameacha machipukizi mawili, akayazungushia mawe aliyopaka chokaa nyeupe, na juu ya jiwe kubwa ameandika kwa mkaa: HUYU ANALALA. USIKATE.